ALIWAPENDA MABINTI ZAKE MPAKA AKAWADHULUMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii nimetumiwa video moja ile ile na watu tisa. Inamsifu mfalme wa zamani wa Ulaya anayeitwa Charlemagne, aliyewatawala Wafaranki tangu mwaka 768 na kuvikwa taji la ukaizari na Papa Leo III mjini Roma, siku ya Krismasi mwaka 800. Msimulizi anasema mfalme huyu aliwapenda mabinti zake, akawasomesha, na wala hakumlazimisha hata mmoja kuolewa, wakati Waislamu wa zama zile zile walikuwa "wakiuza" mabinti zao kwa mahari. Halafu anacheka.

Nimesoma majibu yenu chini ya video. Wengi mmetukana, na tusi si hoja. Wengine mmeweka picha ya tembo. Kisa cha tembo nakijua: Khalifa Harun al-Rashid alimpelekea Charlemagne tembo aliyeitwa Abul-Abbas, akafika Aachen, katika Ujerumani ya leo, mwaka 802, na watu wakatoka kumshangaa. Kisa kizuri. Lakini mtu amekuletea habari ya mabinti, wewe unamjibu kwa tembo?

Mimi nitamjibu kwa mabinti hao hao. Na nakutahadharisha mapema wewe baba unayesoma huku unatabasamu ukidhani leo ni zamu ya Wazungu peke yao. Jiwe hili likirushwa, linaweza kutua kwenye bati la nyumba yako.

Kwanza tumpe haki yake, maana Allah katika Suratul Maida ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Ni kweli aliwapenda. Mtu aliyeishi naye kwenye kasri, Einhard, aliandika maisha yake baada ya mfalme kufariki, na anaeleza kwamba aliwasomesha watoto wote, wa kiume na wa kike, kisha mabinti wakafundishwa kusokota sufu na kufuma ili wasikae bure. Hakuwa akila chakula bila watoto wake. Akisafiri, wanawe wa kiume walipanda farasi ubavuni mwake na mabinti wakafuata nyuma wakiwa na walinzi. Binti yake mkubwa, Rotrude, alisoma mpaka yeye na shangazi yake Gisela wakamwomba mwanachuoni mkubwa wa kasri, Alcuin, awaandikie sherehe ya Injili ya Yohana. Mwanawe Pippin, mfalme wa Italia, alipofariki mwaka 810 akaacha mabinti watano, babu aliwachukua akawalea pamoja na mabinti zake.

Nani kati yetu anakula na watoto wake kila usiku? Sahani iko magotini, simu iko mkononi. Katika hilo mfalme ametushinda na tukubali.

Sasa tuje kwenye nusu ambayo video imeificha.

Einhard huyo huyo, rafiki yake, mtu aliyempenda, anasema mfalme hakukubali kumwoza hata mmoja wa mabinti zake, si kwa mtu wa taifa lake wala kwa mgeni. Akawaweka nyumbani wote mpaka siku aliyokufa. Sababu aliyoitoa ni kwamba hawezi kuishi bila wao. Hiyo ndiyo "hakumlazimisha kuolewa" ya video! Kumlazimisha mtu aingie chumbani ni dhulma, na kumfungia mlango asitoke nayo ni dhulma. Msimulizi ameuona mlango uliofungwa akauita uhuru.

Tuwaangalie wawili tu, ambao habari zao ziko wazi.

Rotrude aliposwa mwaka 781, akiwa mtoto wa miaka kama sita, na mfalme kijana wa Konstantinopoli, Constantine wa Sita, ambaye mama yake Irene ndiye aliyekuwa akitawala kwa niaba yake. Akaletwa towashi kutoka kule kuja kumfundisha Kigiriki na desturi za kasri lao. Miaka sita hivi binti anatayarishwa kuwa malkia. Kisha uchumba ukavunjwa, na kila upande ukadai ni wenyewe uliouvunja. Haya, uchumba huvunjika, hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba baada ya hapo baba hakumwoza kwa yeyote. Rotrude wakati ule alikuwa na miaka kumi na mbili hivi. Aliishi mpaka mwaka 810. Hesabu mwenyewe miaka aliyokaa.

Bertha habari yake inauma zaidi. Charlemagne alitaka binti wa Offa, mfalme wa Mercia kule Uingereza, aolewe na mwanawe aliyeitwa Charles. Offa akasema vizuri, lakini na wewe nipe Bertha kwa mwanangu Ecgfrith. Posa kwa posa. Mnajua mfalme alifanya nini? Alighadhibika, na mnamo mwaka 790 akafunga bandari zake kwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Biashara ya nchi mbili ilisimama kwa sababu mtu ameambiwa atoe binti kama alivyoomba apewe.

Binti wa mwenziwe anamtaka, wake hamtoi.

Na huyu si mtu aliyechukia ndoa kwa ajili ya nafsi yake. Alioa mara nne au tano, kutegemea unamhesabu vipi mwanamke wake wa kwanza, Himiltrude. Alimwoa binti wa mfalme wa Walombardi, na baada ya muda wa kama mwaka mmoja akamrudisha kwa baba yake. Akamwoa Hildegard, naye akamzalia watoto tisa katika miaka kama kumi na miwili, akafariki mwaka 783 akiwa na miaka ipatayo 25. Mwaka huo huo akamwoa Fastrada. Fastrada alipofariki akamwoa Liutgard. Liutgard alipofariki mwaka 800 akaendelea na hawara, na Einhard amewataja baadhi kwa majina. Nasema hawara, sisemi masuria, kwa sababu suria katika fiqhi ana hukumu zake na haki zake na mtoto wake ni mtoto halali mwenye nasaba na mirathi. Sasa mtu huyu, aliyejua vizuri kwamba mwanadamu ameumbwa na haja, aliona haja ile iko kwake na kwa wanawe wa kiume. Kwa mabinti hakuiona.

Basi haja ikapita ilipopita.

Hapa nataka tuwe na adabu. Kuwasingizia wanawake zinaa ni katika madhambi makubwa, na aliyekufa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita heshima yake haijafa naye. Kwa hiyo sichukui uvumi. Nachukua kauli ya mtoto mwenyewe. Alikuwepo mwandishi wa historia aitwaye Nithard, na ndani ya kitabu chake amejitaja kuwa ni mwana wa Angilbert na wa Bertha, binti wa mfalme. Angilbert alikuwa mshairi wa kasri na mkuu wa nyumba ya watawa ya Saint-Riquier. Wakazaa watoto wawili wa kiume, na ndoa haikuwepo. Rotrude naye alizaa mtoto wa kiume aitwaye Louis na Rorgo, mmoja wa wakubwa wa nchi. Mtoto huyo baadaye akawa mkuu wa nyumba ya watawa ya Saint-Denis. Alcuin alipomwandikia mwanafunzi wake alimtahadharisha na mabinti wa kasri, akiwafananisha na njiwa wanaoruka vyumbani.

Watoto hawa hawana kosa. Nithard alipigana vita vya wajomba na binamu zake, akaviandika, na wanahistoria mpaka leo wanakunywa kwenye kisima chake. Kosa si la aliyezaliwa.

Na baba je? Einhard anasema kwa upole wa rafiki kwamba jambo hili lilimletea mfalme aibu, naye akajifanya kana kwamba hajasikia hata fununu. Mtu aliyetuma wakaguzi kila pembe ya dola yake kuwachunguza magavana wake, ndani ya nyumba yake hakusikia fununu! Wallahi hii naijua. Nimeingia kwenye nyumba ambazo kila mtu anajua, jirani anajua, muuza maandazi anajua, ila baba ndiye "hana habari". Hana habari kwa sababu akiwa na habari atalazimika kutenda, na kutenda maana yake ni kumwachia binti aondoke.

Wanahistoria wengi hawakubali kwamba ilikuwa mapenzi matupu. Wanasema alihofia wakwe. Mkwe wa mfalme ana ukoo wake, ana askari wake, na mjukuu wa upande wa binti kesho anaweza kudai kiti. Mimi naona yote mawili yalikuwemo. Alipenda na alikuwa na maslahi, na mapenzi yakawa ndiyo nguo ya kuyafunika maslahi. Hii ndiyo aina ya dhulma iliyo ngumu kuondoka moyoni, kwa sababu mwenye kuifanya anajiona mwema.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 806, akiwa mzee, Charlemagne aliandika waraka wa kugawa dola yake kati ya wanawe watatu. Ndani ya waraka huo kuna kifungu cha mabinti. Ameandika kwamba baada ya kufa kwake, binti anaweza kuchagua kukaa chini ya ulinzi wa ndugu yake amtakaye, au kuingia kwenye utawa, au, akiposwa na mtu anayefaa na yeye mwenyewe akaridhia, ndugu zake wasimzuie kuolewa.

Rudia kusoma. Anayefaa, akaridhia, wasimzuie. Kwa hiyo alijua! Haki aliifahamu mpaka masharti yake, akaiandika kwa hati, akaipa sharti moja tu la ziada, kwamba mimi kwanza nife. Kwa ndugu zao aliandika wasizuie, na mkono uliokuwa unaandika ndio uliokuwa unazuia.

Rotrude hakuwahi kuifikia haki hiyo. Alifariki mwaka 810, miaka minne mbele ya baba yake. Alingojeshwa kifo cha mzee, kikaanza cha kwake.

Mfalme alifariki Aachen tarehe 28 Januari mwaka 814. Wanawe wawili kati ya wale watatu wa waraka walikuwa wameshakufa, akabaki Louis. Na Louis, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amechukizwa na hali ya dada zake, hata kabla ya kuwasili kasrini alituma watu kwenda kuwakamata wanaume waliohusika. Damu ikamwagika, mtu mmoja akapofushwa macho. Dada zake akawatoa kwenye kasri. Wanawake waliokwisha kuwa watu wazima, waliokula meza moja na kaizari maisha yao yote, wakaambiwa tokeni. Posa iko wapi? Chaguo la waraka liko wapi? Miaka ishirini na zaidi ya kuzuiwa kwa jina la mapenzi, kisha mlango ukafunguliwa kwa kufukuzwa.

Huyo ndiye baba ambaye video inatuambia tumwige.

Sasa kuhusu "kuuza". Mahari katika Uislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe, Allah ameagiza katika Suratun Nisaa wapewe wao. Baba akiila bila ridhaa ya binti amekula haramu, na hapo msimulizi akitucheka ana haki ya kutucheka sisi, si dini yetu. Na kulazimisha? Khansaa binti Khidam aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Imo katika Bukhari. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya Charlemagne kuandika waraka wake wa "nikifa", mwanamke wa Madina alikwenda mwenyewe kushitaki na akashinda kesi akiwa hai na baba yake akiwa hai.

Na kuzuia kuna jina lake katika fiqhi: al-adhl. Sababu yake mashuhuri ni ya sahaba Ma'qil bin Yasar. Dada yake aliachwa na mumewe mpaka eda ikaisha, kisha mume yule yule akaja kuposa tena. Ma'qil akaona amedharauliwa. Nilikupa dada yangu, nikakuheshimu, ukamwacha, leo unarudi? Akaapa kuwa hatarudi kwake kamwe. Na ukitazama kwa macho ya kibinadamu, kaka alikuwa na sababu. Lakini mume hakuwa mtu mbaya, na mwanamke alikuwa anamtaka. Ikateremka aya ya 232 ya Suratul Baqara kuwakataza mawalii wasiwazuie. Ma'qil hakusema "nikifa". Aliposomewa tu aya akasema sasa nafanya, akamwoza.

Utaniambia, Ustadhi, mimi nampenda binti yangu, siwezi kukaa bila yeye. Unampenda kuliko Mtume (s.a.w.) alivyompenda Fatma? Alikuwa akiingia, anasimama kumpokea na kumkalisha mahali pake. Na akamwoza kwa Ali, kijana asiye na mali, aliyetoa deraya yake kuwa mahari. Mabinti wake wote wanne aliwaoza. Sayyidna Umar, Hafsa alipofiwa na mumewe, hakukaa kungoja wala hakuona aibu. Alikwenda mwenyewe kwa Uthman kumwambia mchukue binti yangu, akaenda kwa Abu Bakr, mpaka Allah akamjaalia Mtume mwenyewe. Umar! Mtu ambaye shetani akimwona anabadilisha njia, anazunguka kumtafutia binti yake mume.

Sisi tunafanya nini? Nitasema ninayoyaona. Binti ni muuguzi au mwalimu, ndiye anayelipa ada za wadogo zake na umeme wa nyumba. Kila mposaji ana kasoro. Huyu kabila lake, yule rangi yake, huyu baba yake muuza samaki, yule amekuja na mshenga asiye na kanzu. Miaka inakwenda. Nimewahi kukaa na mzee mmoja, mtu wa swafu ya mbele, nikamuuliza kijana huyu ana kasoro gani katika dini na tabia? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa unyoofu, "Sheikh, akiondoka huyu nyumba itaanguka." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Lakini nikamwambia nyumba iliyosimama juu ya ujana wa binti yako imeshaanguka, ila bado hujasikia kishindo.

Sikatai kwamba wapo waposaji wasiofaa. Anayekunywa, asiyeswali, mwenye mkono mwepesi wa kupiga, mkatae, na kumkataa ndiyo kazi yako ya uwalii. Uwalii umepewa kwa ajili ya maslahi yake. Ukiutumia kwa maslahi yako umekuwa kama mlinzi wa ghala anayekula mahindi.

Na nyinyi mabinti mnaoniandikia usiku ujumbe mrefu kisha mnaufuta. Msikimbilie kwa rafiki awaozeshe chumbani kwa shahidi mmoja na simu imewekwa spika, hiyo si ndoa. Kwanza mtume ami yako au mjomba wako au mtu mzima ambaye baba anamsikiliza. Aende zaidi ya mara moja. Asipofaulu, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, walii akimzuia binti kwa mtu aliye kufu yake na binti ameridhia, hakimu wa Kiislamu, yaani kadhi, ndiye anayemwozesha, baada ya kumwita baba na kumsikiliza. Kwenda kwa kadhi si kumvunjia baba heshima. Khansaa alikwenda kwa Mtume.

Ukifika huko nenda na mambo haya: jina la mposaji na la baba yake, anakosali, kazi yake, lini aliposa na ni nani aliyepeleka posa, na sababu aliyoitoa baba kwa maneno yake mwenyewe. Usizipambe wala usimtukane mzazi wako katika maombi yako. Hujui kuyaandika, niandikie baada ya Isha, nitakusaidia.

Wallahu a'lam.